Fahali Mmoja, Ngao Mbili

Mume wangu alipoteza meno mawili siku Thad Brubaker alipompiga fimbo ya uso, na siku hiyo hiyo, jua likiwa bado juu, nilichukua fomu ya Thad nikaitia kwenye moto niliokuwa napikia maharage. Nalisema hili mapema ili usije ukanionea huruma nisiyostahili.

Naitwa Verna Stoltz. Siku za kazi nauza vipuri vya matrekta hapa Indiana. Siku nyingine, kwa miaka kumi na tisa, nilikuwa msajili wa nembo katika chama chetu, chama cha watu wazima na akili zao wanaovaa deraya za chuma kila kiangazi na kutwangana uwanjani kama mashujaa wa miaka mia sita iliyopita. Watu wa nje huona ni mchezo. Waje wasimame mbele ya mtu wa kilo mia na ishirini mwenye fimbo ya henzerani nene kama mpini wa sururu, halafu watuambie ni mchezo gani. Nimeona vidole vikivunjika ndani ya glavu za chuma. Nimeona mtu akitapika ndani ya helmeti yake na kuendelea kupigana.

Kazi yangu mimi ilikuwa ya mezani. Anayetaka jina la kale na picha ya ngao hupitia kwa msajili. Jina, natafuta ushahidi kwamba kuna mtu aliyewahi kuitwa hivyo enzi hizo. Picha, nailinganisha na zote zilizomo kwenye daftari kuu, nazo ni makumi ya maelfu, na lazima itofautiane na kila moja kwa mambo mawili yanayoonekana. Ikipita kwangu naipeleka kwenye baraza la nembo, na wakiikubali ni yako mpaka kufa na baada ya kufa. Nimekataa majoka yenye bastola. Nimemkataa daktari wa meno aliyetaka kuitwa Kiu ya Damu. Nimekataa zambarau juu ya nyeusi mara zisizohesabika, maana ngao isiyosomeka kwa mbali itakufanya upigwe na wenzako. Mwanamume mmoja alilia mbele yangu kwa sababu ya mbwa mwitu wake. Nilimpa kitambaa cha kujifutia na fomu nyingine.

Kanuni kubwa ni moja: kinachohesabika ni daftari. Unaweza kubeba picha yako miaka ishirini, ukavunjwa mbavu ukiwa nayo, lakini kama haijasajiliwa, atakayetangulia kuileta kwa msajili ndiye mwenyewe.

Thad alikuja kwangu miaka kumi na moja kabla ya haya ninayosimulia. Ni jitu la mtu, kazi yake kuwapigilia farasi viatu vya chuma, akipita mlangoni huinama. Aliniwekea fomu mezani: ngao ya manjano, katikati kichwa cha fahali mweusi anayekutazama, basi. Nilipigwa na butwaa, maana picha nyepesi namna hiyo zote zilikwisha kuchukuliwa zamani, na hii haikuwa imechukuliwa. Aliniomba radhi kwamba rangi ilipita nje ya mstari. Aliyeipaka ni mdogo wake Nels, mezani jikoni kwa mama yao, na Nels alikuwa na saratani ya ubongo, mkono ulikuwa unamtetemeka. Nikamwambia baraza halijali mambo hayo.

Alasiri yake yeye na mume wangu Lowell walikutana kwenye mashindano. Hapa lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo hutaelewa kitu. Kwetu refa hasemi nani amepigwa. Aliyepigwa ndiye anayesema. Fimbo ikikupata, wewe ndiye unayejua pigo lilikuwa na uzito gani. Kama lingetosha kukuua lau fimbo ingekuwa upanga, unasema "limeingia" na kuanguka chini umekufa. Kama lilikugusa tu, unasema "jepesi" na mnaendelea. Chama kizima kimesimama juu ya ukweli wa mtu aliyepigwa. Na hakuna uchafu kwetu unaozidi kumpiga mtu aliyekwisha kusema limeingia.

Nilikuwa nammiminia mtu maji ya ndimu. Nilipogeuka niliona pigo moja tu, la mwisho. Kinga ya uso ya Lowell ilikuwa imeingia ndani, na damu ilikuwa inachuruzika kidevuni mpaka kifuani. Nilimshika kichwa, akatema jino mkononi mwangu, kisha la pili. Akaniambia kwa ule mdomo uliopasuka kwamba alishasema limeingia, alikuwa anashusha fimbo, na Thad akampiga hata hivyo. Nilitaka kumshitaki Thad siku ile ile. Lowell akanisihi niache, tusiharibu urafiki wa watu. Nikamwona muungwana. Nikaenda kukoroga maharage, na fomu ilikuwa mfukoni mwa aproni yangu.

Thad aliponiuliza baadaye nilimwambia imeshakwenda, iko njiani. Hakuuliza tena. Wapiganaji ndivyo walivyo, hawasomi barua. Nels alifariki vuli ile, na Thad akachora fahali kwenye ngao yake akambeba miaka kumi na moja.

Kisha ikaja bahasha ya Corinna Sobczak. Alikuwa fundi umeme wa kupanda nguzo, miaka ishirini na sita, amehamia kwetu kutoka wilaya nyingine, hajawahi kukanyaga uwanja wetu. Manjano, kichwa cha fahali mweusi anayekutazama. Aliandika pembeni kwamba babu yake alikuwa na fahali kama huyo aliyemvunja nyonga, na babu akakataa kumchinja mpaka alipozeeka. Alikuwa amepekua daftari lote mwenyewe. Karatasi zake zilinyooka kuliko za yeyote niliyewahi kumhudumia.

Nilihitaji kumpigia Thad simu moja tu. Badala yake niliandika "haina mgongano" nikaipeleka barazani. Baada ya miezi saba jibu likarudi: imekubaliwa. Nilifurahi. Nasema kweli, nilikaa jikoni peke yangu nikafurahi.

Kambi ya Julai ndipo nembo mpya hutangazwa, na mtangazaji ni msajili. Asubuhi, mbele ya watu mia tano, niliita jina la Corinna nikaisoma nembo yake kwa sauti. Thad alikuwa mstari wa mbele, fahali wake mkononi. Watu walimtazama yeye, kisha yeye akaitazama ngao yake, taratibu, kama aliyesikia kwamba ina kasoro.

Alikuja mezani kwangu watu walipotawanyika. Nilitegemea matusi, na ningeyapenda.

"Bi Verna," alisema, "uliniambia yangu imekwenda."

Nilimwambia barua hupotea.

"Basi imepotea," akasema. Kisha akauliza afanyeje na ngao aliyonayo. Nikamjibu kwamba nembo ya mtu mwingine haibebwi, hiyo ndiyo kanuni. Akaitikia kwa kichwa, akaenda.

Kutoka kwangu alikwenda kwa Corinna, na hilo nililisikia kwa majirani wa hema lake. Alimwomba amwachie, akamweleza habari za Nels. Corinna alidhani anachezewa ugeni wake. Akamwambia kwamba kitu ambacho mtu hakukiandikisha kwa miaka kumi na moja hakuwa anakipenda sana. Watu wakacheka. Thad akasema neno juu ya mama yake Corinna ambalo siwezi kuliandika, na Corinna akamwambia alasiri atakuwa mbele kabisa kwenye daraja, aje amchukue huyo fahali kama ana nguvu.

Daraja letu ni marobota ya nyasi yaliyopangwa safu mbili, katikati nafasi ya watu watano. Jeshi moja huku, jeshi lingine kule, na hakuna kuzunguka. Ni msukumano, mifupa na vumbi. Nilisimama ukingoni na fimbo yangu nyeupe ya mpiga mbiu, Lowell kando yangu, mwenye meno yake ya bandia na kofia ya nyasi. Siku hizi hapigani tena.

Waliposogea nilimwona Corinna mbele, ngao yake mpya inang'aa. Nilimtafuta fahali wa Thad upande wa pili sikumwona. Kisha nikamwona Thad mwenyewe. Alikuwa ameifunika ngao yake kwa gunia la chakula cha kuku, ameligongomelea misumari pande zote, fahali haonekani hata pembe. Yaani alikuwa ametii. Mimi nilidanganya, na yeye alitii uongo wangu mpaka kwa misumari.

Pembe ikalia, majeshi yakagongana. Mtu wa kwanza kuanguka alivunjika kifundo cha mguu, na waliomfuata walimkanyaga kabla hajavutwa. Fimbo zilikuwa zinashuka juu ya helmeti bila kukoma. Mzee mmoja alitoka anatambaa juu ya marobota, sikio limechanika, anacheka. Thad aliwapasua watatu waliokuwa mbele yake, wote wakasema limeingia, akawaruka mpaka kwa Corinna.

Corinna ndiye aliyetangulia. Alimshushia pigo la ubavu wa helmeti, na mlio wake ulisikika mpaka kwenye mahema ya chakula. Kila mtu alijua. Thad aliyumba, akakanyaga nyuma hatua moja.

"Jepesi," akasema.

Corinna akampiga pale pale. Safari hii damu ilitoka kwenye tundu za kinga ya uso, nyusi ilikuwa imepasuka.

"Jepesi."

Corinna akasema haya, kumbe ndivyo mnavyocheza huku. Tangu hapo naye akakataa kufa. Thad alimpiga begani mkono ukalegea, akasema jepesi. Alimpiga tumboni chini ya deraya akajikunja, akainuka anakohoa, akasema jepesi. Marefa walitazamana hawana la kufanya, maana aliyepigwa ndiye anayesema, na wote wawili walikuwa wanasema. Waliowazunguka waliacha kupigana wakawapisha. Haikuwa tena fimbo za ufundi. Thad alikuwa anapiga kama anayegongomea nguzo, juu chini, juu chini, na kila pigo lilikuwa juu ya ule uso wa fahali wa Corinna, mpaka mbao zikaanza kuruka. Corinna alimpiga goti, akampiga kwapa, akamtia ncha ya fimbo kooni mpaka nikasikia pumzi ikimkwama.

Lowell alinishika mkono. Aliniambia niwaache, Thad anastahili kipigo kidogo. Alikuwa anatabasamu kwa yale meno.

Ngao ya Corinna ikapasuka vipande viwili. Fimbo ya Thad ikapita katikati, ikampata mkono wa kulia, ulioshika fimbo. Alilia, sauti nyembamba, kisha akahamishia fimbo mkono wa kushoto na kusimama. Thad akainua yake tena.

"Simameni!" niliita.

Neno hilo kwetu halina mkubwa. Likitoka kwa mtu yeyote, wote huacha na kupiga goti walipo. Watu mia mbili walipiga goti vumbini. Corinna alipiga goti mkono umo kwapani. Thad naye. Refa akaniuliza nani kaumia.

"Fomu ya Thad haikupotea," nilisema. "Niliichoma mimi, siku ile ile aliyonipa."

Watu walikuwa wanahema ndani ya chuma. Thad alivua helmeti. Damu ilikuwa imemziba jicho moja.

"Ile aliyopaka Nels?"

"Hiyo hiyo."

"Nilikukosea nini?"

"Ulimpiga Lowell akiwa amekwisha kufa," nikamwambia. "Alisema limeingia, na wewe ukamtoa meno."

Nilitegemea akane. Hakukana. Alimtazama Lowell juu ya bega langu, akamtazama muda mrefu, na usoni mwake hapakuwa na hasira, palikuwa na uchovu.

"Muulize mwenyewe," akasema.

Lowell akasema twende tukaongee hemani. Nikamwambia aongee hapo hapo. Akavua kofia, akaigeuza geuza mikononi.

"Sikusema limeingia," alisema. "Alinipata mara tatu, mapigo ya haki kabisa, nikasema jepesi zote tatu. Nilitaka kushinda siku moja tu, Verna. La nne ndilo lililonitoa meno."

"Na uliniambiaje?"

"Nilikuwa na aibu. Halafu miaka ikapita."

Miaka kumi na moja nilimchukia mtu kwa niaba ya huyu. Nilizunguka na fimbo ile nyeupe nikampiga nayo shingoni, hana deraya, hana helmeti, kwa mikono miwili, mpaka ikavunjika. Alianguka juu ya robota, akateleza mpaka chini. Alilala pale mkono shingoni.

"Limeingia," alisema, taratibu. Hakuna aliyecheka.

Thad alikuwa amemgeukia Corinna. Alimwambia la kwanza liliingia, na la pili pia, na alijua wakati ule ule. Kisha mtu yule mkubwa alijilaza chali vumbini katikati ya daraja, akanyoosha mikono, kama sheria inavyotaka aliyekufa alale.

Corinna hakumtazama. Alikuwa anavuta glavu kwa meno, nayo ilitoka pamoja na ngozi. Gumba lilikuwa limegeukia nyuma, na mfupa umetoka.

"Mama Verna," aliniita, "ulipopitisha yangu ulikuwa unajua ni ya huyu?"

"Nilikuwa najua."

"Basi hiki kidole ni chako," alisema, na akaniinulia nikione.

Nililiandikia baraza kila kitu, sikubakiza hata neno. Walinivua usajili wiki hiyo hiyo, na hilo nililitegemea. Nililotumaini ni kwamba watamrudishia Thad fahali wake, kwa kuwa ndiye aliyetangulia. Walijibu kwamba bila karatasi hakuna tarehe, na maneno ya mtu aliyechoma karatasi si ushahidi. Fahali ni wa Corinna. Corinna hakumwachia mtu, na mimi simlaumu, maana gumba lake lina pini mbili na nguzo hapandi tena. Lowell anaishi kwa dada yake Fort Wayne.

Thad bado anapigana. Ngao yake bado ina gunia, limechanika sasa, na hajachora kitu kingine juu yake. Wageni wakimuuliza nembo yake ni ipi, huwaonyesha pale ninapokaa naosha masufuria ya kambi, kazi pekee waliyonibakizia, na kuwaambia wakamuulize yule mama. Nao huja kuniuliza, nami nawaeleza.